Kompyuta ya Mezani kwa Hela ya Bumu: Kazi Kwanza, Gemu Baadaye

Wanachuo wenzangu, kila bumu likitoka kuna kundi la watu utaliona linaelekea Kariakoo kutafuta laptopu. Wengi hurudi na laptopu ya mtumba ya laki nne au laki tano, betri inakaa dakika 40, bawaba imelegea, na semista haijaisha unamkuta mtu yule yule yuko kwenye foleni ya steshenari analipia kuchapiwa kazi. Sisemi laptopu ni mbaya. Anayezunguka kati ya kimbweta, maktaba na ukumbi wa mihadhara anaihitaji. Lakini kama unakaa geto, una meza na soketi ya umeme, na unachotaka ni kuandika ripoti ya utafiti, kuchambua data kidogo na jioni kucheza mpira na wenzako, kompyuta ya mezani itakupa nguvu kubwa zaidi kwa hela ile ile. Tena ikiharibika kitu kimoja, unabadilisha kitu hicho kimoja tu.

Sisi geto letu tuko watatu: mimi wa elimu, mwenzangu wa takwimu na mwingine wa sosholojia. Tumeunda mashine moja ya kutumia kwa zamu. Nitaeleza hatua zake, sababu za kila uamuzi na hela tuliyotumia, ili na wewe ukienda dukani usisubiri muuzaji akuamulie.

Vifaa vipya au mashine ya ofisini?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua kila kifaa kipya na kuunganisha mwenyewe. Njia hii ndiyo unayoiona kwenye video nyingi. Prosesa inayotajwa sana kwa bajeti ndogo ni Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, kwa sababu ina viini 6 na ina grafiki ndani yake, kwa hiyo unaweza kuanza kucheza gemu nyepesi bila kununua kadi ya pembeni. Ni chaguo zuri. Tatizo ni kwamba prosesa peke yake haifanyi kazi: inataka madabodi, RAM, SSD, pawa saplai na kasha. Tulipouliza bei za vyote hivyo vikiwa vipya, hesabu ilikaribia milioni moja kabla hata hatujagusa monita. Kwa hela ya bumu, hapo safari imeishia stendi.

Njia ya pili ndiyo tuliyofuata. Makampuni na ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima. Zile za zamani huuzwa kwa jumla, na nyingi huishia kwenye maduka yetu ya mtumba. Majina utakayokutana nayo sana ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre. Hizi zilitengenezwa ziwake siku nzima ofisini miaka mingi. Hazina taa za rangi wala kioo pembeni, lakini ndani kuna madabodi imara, pawa saplai ya kuaminika na prosesa ambayo ukiinunua mpya bajeti yote inaisha. Kwa hiyo unanunua mwili wa mashine ukiwa mtumba, halafu unaongeza vitu vichache vinavyoleta tofauti.

Angalia umbo kwanza

Mashine hizi zinakuja kwa maumbo matatu, na jina la modeli linaweza kuwa moja kwa yote matatu. Kuna kubwa lenye kusimama, mafundi wanaliita tawa. Kuna jembamba la kulaza au kusimamisha, ambalo kwenye lebo huandikwa SFF. Halafu kuna dogo kabisa, ukubwa wa kitabu kinene.

Lile dogo kabisa linavutia kwa sababu linaingia kwenye begi. Kwa kazi za ofisi tu halina shida. Ila kadi ya grafiki ya kawaida haiingii, kwa hiyo ukishalinunua, suala la gemu umelifunga. Jembamba linapokea kadi, lakini lazima iwe kadi fupi, ile yenye bamba la nusu kimo. Tawa linapokea kadi ndefu zaidi, na mara nyingi lina nafasi ya diski za ziada. Ukipata tawa kwa bei ile ile, chukua tawa. Sisi tulipata jembamba.

Jifunze kusoma jina la prosesa

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Muuzaji anakwambia, "Ticha, hii ni Core i7, chukua usiulize." Neno i7 halitoshi. Baada ya kistari kuna namba, na tarakimu ya kwanza, au mbili za kwanza zikiwa tano, ndizo kizazi chake. Core i7-2600 ni kizazi cha 2, ya mwaka 2011. Core i5-8500 ni kizazi cha 8, ya mwaka 2018. Core i5-12400 ni kizazi cha 12. Ile i7-2600 ina viini 4, i5-8500 ina viini 6 vipya zaidi. Kwa hiyo hiyo i5 inaipita hiyo i7, ingawa kwa mdomo i7 inasikika kubwa.

Angalia pia herufi ya mwisho. Ukiona T, kwa mfano i5-6500T, hiyo ni prosesa iliyopunguzwa kasi ili itumie umeme kidogo, na mara nyingi imo kwenye yale makasha madogo kabisa. Inaandika ripoti vizuri tu, lakini kwenye gemu utaona tofauti.

Sasa kwa nini tulishikilia kizazi cha 8? Sababu ni Windows. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake masasisho ya bure ya usalama kwa utaratibu wa kawaida yalikoma siku hiyo. Windows 11 nayo, kwa masharti rasmi, inahitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na kitu kinachoitwa TPM 2.0 ambacho mashine za ofisi za miaka hiyo huwa nacho. Kizazi cha 6 na cha 7 zimejaa sokoni kwa bei ya chini, na sababu mojawapo ni hiyo. Si kwamba zimekufa. Kama uko tayari kutumia Linux Mint au Ubuntu, i5-6500 bado ni mashine nzuri ya kuandikia na haikugharimu leseni. LibreOffice inafungua mafaili ya Word, ila mpangilio wa kurasa na majedwali unaweza kuhama kidogo, kwa hiyo kazi ya kukusanya itume kwa PDF.

Kuhusu leseni, mashine nyingi za ofisi zilikuja na Windows yake halali, na ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya madabodi. Ukiweka Windows upya, toleo lile lile, na ukaunganisha intaneti, inajiwasha yenyewe. Kwa hiyo hakuna haja ya kumlipa mtu akuwekee Windows ya kuchakachua. Programu za kuchakachua ni njia mojawapo ya kuingiza virusi, na kirusi hakichagui kati ya gemu yako na sura ya nne ya utafiti wako.

SSD na RAM

Kama una hela ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha diski. Mashine nyingi za mtumba zinakuja na HDD, ile yenye sahani inayozunguka. Kila faili likihitajika, sindano ndani yake lazima isogee hadi lilipo. SSD haina kitu kinachozunguka, inasoma moja kwa moja kwenye chipu. Hata SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu MB 500 kwa sekunde, wakati HDD nzuri inacheza kwenye MB 100 hadi 150, na mafaili yakiwa madogo madogo mengi, kama yale ya kuwasha Windows, pengo ni kubwa kuliko hapo. Mashine yetu ilipokuwa na HDD, ulikuwa unabonyeza kuwasha, unakwenda kuchota maji, unarudi bado inazungusha kiduara. Tulipoweka SSD ya GB 256, ikawa inawaka kabla hujavuta kiti. HDD ya zamani hatukuitupa, imebaki ya kuwekea filamu na gemu kubwa.

RAM nayo ina mtego wake. Kompyuta za mezani za kizazi cha 8 zinatumia DDR4, lakini za kizazi cha 6 baadhi zinatumia DDR3L na nyingine DDR4. Hazibadilishani: mkato wa chini uko mahali tofauti, haiingii hata ukilazimisha. RAM ya laptopu nayo ni fupi, usiichanganye na hii. Chomoa moja, soma lebo yake, ndipo uende kununua ya pili.

GB 8 zinatosha kwa Word, Excel na kurasa kadhaa za intaneti. GB 16 zinakupa nafasi ya kufungua SPSS, kivinjari na PDF 20 kwa wakati mmoja, na gemu zinapumua. Bora zaidi ziwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa inasoma vyote viwili sambamba. Hili lina maana hasa kama bado unatumia grafiki ya ndani ya prosesa, kwani hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM.

Kadi ya grafiki na hesabu ya wati

Kwanza, usikimbilie kadi. Core i5-8500 ina grafiki ya ndani inayoitwa UHD 630. Kwa hiyo tu, PES 2017 na GTA San Andreas zinacheza, na GTA V inacheza kwa kushusha ubora na ukubwa wa picha. Sisi tulikaa miezi mitatu bila kadi, na tuligombea zamu usiku kama kawaida.

Ukiamua kuongeza, anza kwa kusoma lebo ya pawa saplai. Yetu imeandikwa wati 200. Prosesa imepangiwa wati 65, na kwa sekunde chache inaweza kupita hapo. Diski, feni, RAM na madabodi tukavipa wati 40. Jumla 105. Kadi ya GT 1030 ya Nvidia inakula wati 30, tunafika 135. Bado tuna nafasi. GTX 1650 ina nguvu zaidi, lakini inakula wati 75, jumla 180, na hapo umebanwa ukutani. Kwenye tawa lenye pawa saplai kubwa zaidi, GTX 1650 ni chaguo zuri, mradi ichaguliwe ile isiyohitaji waya wa umeme wa ziada. Nafasi ya kadi kwenye madabodi, kwa viwango vyake, haitoi zaidi ya wati 75, na baadhi ya makasha membamba hutoa chini ya hapo. Mwongozo wa modeli yako upo kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome kabla ya kutoa hela.

Mtu atasema, si ubadilishe tu pawa saplai? Kwenye mashine hizi si rahisi. Dell na HP hutumia maumbo na plagi zao wenyewe, na pawa saplai ya kawaida ya dukani mara nyingi haiingii wala haiunganiki. Ndiyo maana hesabu ya wati inafanywa kabla.

Halafu kuna GT 1030 mbili zenye jina moja. Ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5, na ya mwaka 2018 ina DDR4. Ya kwanza inapitisha data GB 48 kwa sekunde, ya pili kama GB 17 tu. Kwa macho zinafanana na boksi linafanana. Uliza, halafu hakikisha mwenyewe kwa programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Programu hiyo hiyo inasaidia kutambua kadi feki, maana sokoni kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa taarifa zake ili zijiite GTX 1050 Ti. Nyingi ya hizo GPU-Z inazionyesha wazi kwamba ni feki.

Jambo dogo lakini linasumbua: GT 1030 haina tundu la VGA, lile la buluu. Kama monita yako ni ya VGA tu, utahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, si kile cha kubadilisha umbo la plagi tu. Ni nafuu zaidi kutafuta monita yenye HDMI au DisplayPort tangu mwanzo. Na ukishaweka kadi, waya wa monita uchomeke kwenye kadi. Ukiuacha kwenye madabodi, kadi itakaa pale kama mgeni ambaye hakupewa chai.

Kupima kabla ya kulipa

Kariakoo utapokelewa na mawinga tangu unashuka kwenye gari. "Kaka, mashine? Twende nikupeleke dukani." Hana ubaya, ila jua kwamba cha juu chake kitaingia kwenye bei yako. Tembea maduka kama manne hivi kwanza, andika bei na modeli kwenye simu, ndipo urudi ulikopapenda. Nenda asubuhi, siku ambayo huna haraka, na ubebe flashi yenye programu za kupimia.

Dukani omba mashine iwashwe mbele yako, halafu fanya hivi. Ingia kwenye BIOS: kwa Dell bonyeza F2 wakati wa kuwaka, kwa HP F10, kwa ThinkCentre F1. Kama inadai nywila na muuzaji haijui, iache. Mashine nyingi zilitoka ofisini, na nyingine bado zimefungwa na waliokuwa wenyewe. Ndani ya BIOS utaona jina kamili la prosesa na RAM, linganisha na ulichoambiwa. Ukishaingia Windows, fungua CrystalDiskInfo uone afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, mbele na nyuma. Chomeka spika za masikioni. Cheza video kwa dakika 15 na usikilize feni. Ikilia kama mashine ya kusaga, uliza kwa nini.

Omba pia kufungua mfuniko. Kwenye makasha ya ofisini huhitaji hata bisibisi, kuna kitasa tu. Angalia kama kuna kutu, kama vile vipipa vidogo vya madabodi vimevimba juu, kama kuna waya uliokatwa. Muuzaji aliyetulia atakufungulia bila shida. Anayekataa kabisa naye amekujibu.

Mwisho, omba risiti iliyoandikwa modeli, namba ya mashine na siku za dhamana. Hata dhamana ya wiki mbili ina maana kama iko kwenye karatasi.

Kuunganisha

Watu wanaogopa hapa, lakini ndiyo sehemu fupi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu ndani, ili umeme tuli wa mwilini usiruke kwenye chipu. Usifanyie juu ya zulia au blanketi.

RAM: fungua vishikizo, linganisha mkato, bonyeza kwa nguvu sawa pande zote mpaka usikie mlio. SSD ya SATA: plagi mbili, moja ya data na moja ya umeme, zote zinaingia upande mmoja tu. Kadi: toa bamba la nyuma, isukume kwenye nafasi yake ndefu mpaka ikae, funga. Kama mashine ni ya miaka mingi, ondoa vumbi kwa brashi laini, na ikiwezekana badilisha ile pesti ya kijivu iliyo kati ya prosesa na feni. Kazi yake ni kupitisha joto, na ikikauka prosesa inapata moto na kujipunguza kasi yenyewe. Kiasi cha punje ya dengu kinatosha.

Umeme

Udhaifu mkubwa wa kompyuta ya mezani kwetu ni kwamba haina betri. Umeme ukikatika, kimezimika. UPS ndogo inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu, na ukiweza inunue. Sisi kwa sasa tuna ekstensheni yenye kinga tu, kwa hiyo tumeweka Word ijihifadhi kila dakika 1 badala ya zile 10 inazokuja nazo, na kila usiku nakala ya kazi inakwenda kwenye flashi na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Umeme ukikatika, chomoa, kwa sababu ukirudi unaweza kuja na kishindo.

Kuhusu Luku, usiogope sana. Mashine yetu na monita, kwa kuandika na kusoma, tunazihesabia wati 80 hivi. Kwa saa 6 kwa siku hiyo ni karibu nusu uniti, au uniti 14 hadi 15 kwa mwezi. Gemu zinaongeza. Kwenye geto la watu watatu, pasi na jiko la umeme ndivyo vya kuvichunga.

Hela yetu

Hizi ni bei tulizolipa sisi, za kwako zitatofautiana. Kasha lenye i5-8500, RAM GB 8 na HDD: 380,000. SSD GB 256: 65,000. Monita ya inchi 22 ya mtumba: 110,000. Kibodi na kipanya: 20,000. Ekstensheni yenye kinga: 25,000. Jumla 600,000, yaani 200,000 kwa kila mmoja. Hapo mashine ilikuwa imekamilika kwa kazi. Bumu lililofuata tukaongeza RAM GB 8 kwa 55,000 na GT 1030 ya mtumba kwa 130,000. Jumla kuu 785,000.

Kugawa hatua mbili hakukuja kirahisi. Mwenzetu wa takwimu alitaka kadi iwepo tangu siku ya kwanza, na hoja yake ilikuwa kwamba hela yake ni sawa na za wengine. Wa sosholojia naye alikuwa anaandika utafiti wake kwenye simu, jedwali zima kwa kidole gumba, na steshenari ilikuwa inamla kwa kila ukurasa. Kama tungenunua kadi kwanza, tungekosa ya SSD na monita nzuri. Tulibishana siku mbili, tukakubaliana na kuandika karatasi ya nusu ukurasa: kazi ya chuo ina haki mbele ya gemu, wiki ya kukusanya kazi gemu zinafungwa saa 4 usiku, kifaa kikiharibika tunachangia sawa isipokuwa aliyeharibu anajulikana, na tukimaliza chuo mmoja anawanunua wengine kwa bei ya soko ya siku hiyo. Tukaweka saini wote watatu. Mtaona kama utani, lakini nimeona urafiki wa miaka mitatu ukivunjika kwa ajili ya jiko la gesi la kuchangia. Kama mnachangia kompyuta, andikeni.

Kwa walimu watarajiwa

Hili nalisema hasa kwa wenzangu wa elimu. Kwenye mafunzo ya vitendo nilipangiwa shule moja ya sekondari yenye chumba cha kompyuta. Ndani kulikuwa na mashine 11 za aina hii hii ya ofisi, na 6 zimefunikwa kitambaa na kubandikwa karatasi iliyoandikwa "mbovu". Mkuu wa shule aliniruhusu kuzifungua, mwalimu wa zamu akiwepo. Mbili kati ya hizo zilikuwa zinasimama kila zikiwashwa na kudai tarehe, kwa sababu betri ya madabodi ilikuwa imekwisha. Ni betri ya duara, CR2032, inauzwa hata kwa mafundi saa. Moja ilikuwa inapiga mlio bila picha, na nilipotoa RAM, nikafuta vumbi na kuirudisha, ikawaka. Tatu zilizobaki zilikuwa zimekufa kweli, mbili pawa saplai na moja sikuifahamu. Kwa hiyo kutoka mashine 5 tukawa na 8. Darasa la wanafunzi 40, hiyo ni tofauti ya watu 8 kwa mashine moja au watu 5. Watu 5 wakizunguka kompyuta moja, kila mmoja anaweza kugusa kibodi kabla ya kengele.

Hakuna mtu aliyekuwa amefanya uzembe pale. Fundi wa karibu alikuwa mbali na nauli yake haikuwa kwenye bajeti, na mwalimu hakuwahi kuonyeshwa kwamba kasha linafunguka. Wengi wetu tutapangiwa shule kama hizo. Kompyuta unayoiunda geto leo kwa ajili ya ripoti na PES itakufundisha kufungua ile ya shule kesho bila mikono kutetemeka.

Ukitaka kuanza, anza hivi: wiki hii andika kwenye karatasi kazi unazofanya kweli na gemu unazocheza kweli, tafuta watu wawili unaowaamini, pangeni kiwango. Kisha nendeni dukani bila hela, mkaulize bei tu. Hela ibaki nyumbani mpaka mtakapojua jina kamili la prosesa mnayoitaka.